Matangazo yaliyopitwa na wakati kwenye tovuti: yafutwe, yafichwe au yaachwe?

MhaririKasoroBahari (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Mimi na mwenzangu mmoja tunaendesha tovuti ndogo ya matangazo hapa Morogoro. Tuliianza mwaka 2014 kwa kunakili matangazo ya kazi yaliyobandikwa kwenye mbao za ofisi za mjini, ili vijana walioko wilayani wasilazimike kupanda basi kuja kuyasoma. Baadaye tukaongeza nafasi za masomo, zabuni ndogondogo, bei za mafuta za kila mwezi na ratiba za mitihani. Leo tuna machapisho yanayozidi elfu sita, na nikisema kweli, zaidi ya elfu tano kati yake ni maiti: tarehe zake zilishapita, lakini bado yamesimama palepale na maneno yaleyale ya "tuma maombi sasa", kana kwamba yametoka jana.

Kilichonileta hapa ni simu niliyopigiwa mwezi uliopita na mlinzi wa taasisi moja ya hapa mjini. Alikuwa amesimama getini na kijana aliyetoka Mahenge, mkononi ana bahasha ya kaki yenye vyeti na karatasi ya tangazo aliyoichapisha steshenari, ambayo chini yake ina namba yetu ya simu. Tangazo lilisema kwamba maombi yaletwe kwa mkono si zaidi ya "Ijumaa tarehe 15 Machi", na kijana alikuwa amefika siku hiyohiyo asubuhi. Mlinzi akaniuliza ni nafasi gani hizo, kwa sababu ndani hakuna anayezifahamu. Nilipofungua kompyuta nikakuta tangazo hilo tulilichapisha mwaka 2019. Mwaka haukuandikwa popote, na kwa bahati mbaya tarehe 15 Machi iliangukia Ijumaa mwaka 2019 na ikaangukia Ijumaa tena mwaka huu wa 2024, hivyo hata mtu makini mwenye kalenda ukutani asingeshtuka. Zaidi ya hayo, kivinjari cha steshenari kilikuwa kimeweka pembeni mwa karatasi tarehe ya siku ilipochapishwa, yaani 13/3/2024, na kijana akaielewa kuwa ndiyo tarehe ya tangazo. Simlaumu hata kidogo. Nilimrudishia nauli, lakini siku mbili za safari siwezi kuzirudisha.

Mwenzangu anasema tufute kila kitu chenye umri wa zaidi ya mwaka mmoja na tulale usingizi. Mimi nasita, na sababu zangu si safi zote. Machapisho ya zamani ndiyo yanayotuletea zaidi ya nusu ya wasomaji kutoka Google, na matangazo ya biashara yanayoonekana humo ndiyo yanayolipia seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti. Vilevile wapo watu, hasa wanafunzi na waandishi, wanaotuandikia kutuuliza bei ya petroli ilikuwa kiasi gani mwaka fulani, au taasisi fulani ilidai sifa zipi ilipoajiri mara ya mwisho. Je, wenzangu mnaoendesha tovuti za namna hii mnafanyaje? Mnafuta, mnaficha, au mnaacha na kuweka alama? Na ni nani anayeikumbuka kazi hiyo kila siku, wakati tuko wawili tu na kila mmoja ana ajira nyingine?

---

FundiWaSeva

Pole kwa yaliyomkuta kijana huyo, na hongera kwa kurudisha nauli, maana wengi wangekata simu.

Nitajibu upande wa mitambo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huharibu wakidhani wanasafisha. Ukifuta chapisho, seva huanza kujibu kwa namba 404, ambayo maana yake ni kwamba hapa hakuna kitu, bila kueleza kama mtu amekosea anwani au kitu kimeondolewa kwa makusudi. Ipo namba 410, isiyotumika sana, ambayo husema wazi kwamba kitu kilikuwepo na kimeondolewa moja kwa moja. Google hatimaye huziondoa kurasa za aina zote mbili kwenye matokeo yake, na tofauti ya kasi ni ndogo, kwa hiyo msikeshe kwa ajili ya hilo. Mimi naipenda 410 kwa sababu ya binadamu zaidi kuliko mitambo: unaweza kuutengenezea ukurasa wake wenye maneno yanayoeleweka, kwa mfano, "Tangazo hili lilikuwa hapa, muda wake umekwisha, na nafasi zilizo wazi leo ziko hapa."

Jambo ambalo nakuombeni msilifanye ni kuzielekeza anwani zote zilizofutwa kwenye ukurasa wa mwanzo kwa namba 301. Mtu amebofya nafasi za wauguzi, ghafla anajikuta kwenye ukurasa wa mwanzo wenye picha ya bei za mafuta, anadhani amekosea, anarudi, anabofya tena. Google nayo haidanganyiki. Maelekezo ya jumla ya aina hiyo huyahesabu kama kurasa zisizokuwepo, hivyo hamtakuwa mmeokoa chochote. Tumieni 301 pale tu ambapo tangazo lina mrithi wa kweli, kwa mfano ratiba ya muda iliyofuatiwa na ratiba kamili.

Kuhusu kuficha, kuna alama ya noindex ambayo huiambia mitambo ya kutafutia isiuonyeshe ukurasa, huku mwenye kiungo akiendelea kuufungua kama kawaida. Wengi hukosea kwa kuweka noindex kisha wakaufunga ukurasa huohuo kwenye robots.txt, faili linaloziambia roboti za kutafutia zisiingie wapi. Mkiufunga mlango, roboti haiingii, na isipoingia haiioni noindex iliyobandikwa ndani, kwa hiyo ukurasa unaweza kuendelea kuonekana kwenye matokeo kwa muda mrefu. Ipo pia alama iitwayo unavailable_after, ambayo mnaiandika siku ileile mnayochapisha tangazo, mkitaja tarehe na saa ambayo Google iache kulionyesha. Kwa watu wawili wenye ajira nyingine, hiyo ndiyo dawa, kwa sababu inampa kazi mtu wa siku ya kuchapisha, ambaye tarehe anayo mkononi, badala ya mtu wa miezi mitatu baadaye ambaye amesahau.

Na kama matangazo yenu ya kazi yamewekewa data ya mpangilio wa schema.org, yaani maelezo yaliyofichwa ndani ya ukurasa kwa ajili ya mitambo, ili yatokee kwenye kisanduku cha ajira cha Google, jazeni sehemu ya validThrough, yaani tarehe ya mwisho ya tangazo. Google inataka nafasi iliyofungwa iondolewe kwa njia mojawapo: tarehe hiyo iwe imepita, data hiyo ya ajira iondolewe kwenye ukurasa, au ukurasa wenyewe ujibu 404 au 410. Tovuti inayoendelea kuzionyesha nafasi zilizofungwa kama bado ziko wazi inaweza kuadhibiwa.

Kwa maoni yangu, nafasi za kazi na zabuni zilizopita zipewe 410, mengine yabaki. Mwenzako yuko sahihi kwa theluthi mbili.

---

MtunzaNyaraka

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mstaafu. Nimefanya kazi ya kutunza maktaba ya picha na magazeti kwa miaka mingi, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiwa upande wa karatasi kuukuu.

Fundi ameeleza vizuri, ila pale aliposema mwenzako yuko sahihi kwa theluthi mbili ndipo tunapoachana. Kilichomleta kijana wa watu kutoka Mahenge hadi Morogoro ni mwaka ambao haukuandikwa, wala si umri wa tangazo. Lingekuwa na "2019" juu kabisa, lingeweza kukaa hapo miaka hamsini na lisimdhuru mtu.

Nitawapa kisa kinachojulikana, kilichotokea Marekani mwaka 2008. Gazeti la Chicago Tribune lilikuwa limeandika Desemba 2002 kwamba shirika la ndege la United limeomba kinga ya kufilisika, habari ambayo kwa wakati wake ilikuwa kweli, na shirika lilishatoka katika hali hiyo mwaka 2006. Nakala ya habari hiyo ilikuwa imehifadhiwa kwenye tovuti ya gazeti dada la Florida, South Florida Sun-Sentinel, bila tarehe yake ya asili. Usiku mmoja wa Septemba 2008, wakati wasomaji ni wachache, ikaingia kwenye orodha ya habari zinazosomwa zaidi. Roboti ya Google ikaiokota na kuipa tarehe ya siku hiyo, na Jumatatu ya tarehe 8 ikapita kwenye mitambo ya Bloomberg inayosomwa na wafanyabiashara wa hisa. Hisa za United zikaporomoka kutoka takriban dola 12 hadi takriban dola 3 kabla ya biashara yake kusimamishwa kwa muda. Hakuna aliyetunga uongo; habari ilikuwa ya kweli na imehifadhiwa vizuri, ila haikuwa na tarehe. Nikilisoma tangazo lako la Ijumaa ya Machi naona ni kisa kilekile, tofauti ni kwamba aliyepata hasara safari hii hana wa kumsimamishia biashara.

Gazeti la The Guardian la Uingereza lilikabili jambo hili kwa namna ninayoipenda. Juu ya kila habari ya zamani huweka bango la njano linalosema habari hii ina umri wa zaidi ya mwaka mmoja, au miaka mitano, au kumi, na mwaka 2019 likaongeza mwaka wa habari juu ya picha yenyewe inayoonekana kiungo kinaposambazwa mitandaoni. Huo ndio ufundi: alama isafiri pamoja na kiungo, kwa sababu wanaopotoshwa wengi hawaji mlangoni kwenu, wanakutana na kichwa cha habari huko nje. Mwaka uliofuata Facebook nayo ikaanza kumwonya mtu anapotaka kusambaza habari yenye umri unaozidi siku 90.

Sasa kuhusu bei za mafuta, tafadhali msiguse hata moja. EWURA, mamlaka ya Tanzania inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ya mwezi uliopita haina kazi tena kwa dereva, lakini ina kazi kwa mwalimu wa uchumi, kwa mwanasheria mwenye kesi ya mkataba wa usafirishaji, na kwa mjukuu wangu anayeandika tasnifu. Kwa hiyo msipange kwa umri. Jiulizeni kitu kimoja kwa kila aina ya chapisho: mtu akilifungua leo, anakuja kutenda au anakuja kujua? Tangazo la kazi huwa linamtaka mtu atende, na siku yake ikipita linageuka kuwa la kujua. Kugeuka huko ndiko kunakohitaji kuandikwa juu ya ukurasa, na vitufe vya "omba sasa" kuondolewa, lakini maandishi yenyewe yabaki. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, aliandika tangu mwaka 1998 kwamba anwani njema hazibadiliki, na mimi sijaona sababu ya kumpinga.

---

MsomajiWaBando

Naomba niseme kama mtumiaji, kwa sababu mnaojibu wote mnaonekana kuwa na kompyuta.

Mimi hutafuta kazi kwa simu yenye kioo kidogo, na nikifungua ukurasa kitu cha kwanza ninachokiona ni nembo, kisha tangazo la biashara, kisha picha kubwa, ndipo maandishi yanaanza. Mkiweka hilo bango la kufungwa chini ya picha, bando langu limeshaliwa. Liwekeni kwenye kichwa cha habari chenyewe, kwa maneno, mwanzoni: "IMEFUNGWA", kisha jina la nafasi, kisha mwaka. Sababu nyingine ni kwamba kiungo nakipata kwenye kundi la WhatsApp, na huko kinachoonekana ni kichwa na picha tu. Kama kichwa hakisemi, nitabofya.

Na tafadhali msiandike tarehe ndani ya picha. Matangazo mengi mnayabandika kama picha ya karatasi iliyopigwa muhuri, tarehe iko kwenye kona kwa herufi ndogo mno, nikiivuta inakuwa ukungu. Mtu akisambaza picha hiyo peke yake, hakuna tovuti wala bango litakalomfuata.

---

MhaririKasoroBahari

Nashukuru sana. Shikamoo Mzee MtunzaNyaraka. Swali lako la kutenda au kujua nimelisoma kwa sauti kwa mwenzangu, naye amekaa kimya, jambo ambalo si kawaida yake.

Naongeza swali moja ambalo sikulifikiria mwanzo. Tulipoanza kupitia machapisho jana usiku tulikuta mafaili ya PDF zaidi ya mia mbili yenye majina ya walioitwa kwenye usaili, mengine yana namba za simu na vituo vya usaili, ya tangu mwaka 2015. Hayo nayo ni ya kujua? Mzee, hata wewe ungeyaacha?

---

WakiliWaPembeni

Hapana, hayo msiyaache, na hapa nadhani hata mtunza nyaraka atakubaliana nami.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote zimejengwa juu ya wazo kwamba taarifa za mtu hukusanywa kwa lengo linaloeleweka na hazitunzwi kwa muda mrefu kuliko lengo hilo linavyohitaji. Lengo la orodha ya usaili ni mtu ajue kwamba ameitwa, siku gani na wapi. Siku ya usaili ikipita, lengo limekwisha, na kinachobaki ni jina kamili la mtu na namba yake ya simu vikiwa vimeunganishwa na habari kwamba aliwahi kuomba kazi fulani, pengine bila kumwambia mwajiri wake wa wakati huo. Hoja ya kwamba taasisi yenyewe ndiyo iliyotangaza haiwaokoi ninyi, kwa sababu taasisi ikishaondoa orodha kwenye tovuti yake, nakala iliyobaki hadharani ni ya kwenu.

Kwa hiyo, faili la majina liondolewe, na ukurasa uliolitangaza ubaki ukisema kwamba usaili ulifanyika tarehe fulani. Angalieni pia kwamba kufuta chapisho kwenye WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, hakufuti faili lililopakiwa. PDF huendelea kuishi kwenye maktaba ya mafaili na anwani yake hufunguka kama kawaida. Nimewahi kuona mtu akiapa kwamba amefuta, huku mimi nimelifungua faili mbele yake. Baada ya hapo ombeni Google iyaondoe kwenye matokeo kupitia zana yake ya wenye tovuti, kwa sababu nakala ya muhtasari inaweza kubaki kwa muda.

---

BintiPwani

Nami nichangie kutoka Mombasa, ambako tunaendesha tovuti ya mtaa yenye ratiba ya Ramadhani, nyakati za swala na bei za mafuta za huku kwetu, ambazo EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, huzitangaza tarehe 14 ya kila mwezi.

Shida yetu haikuwa matangazo yaliyokufa. Ilikuwa yale yanayofufuka kila mwaka. Kwa miaka kadhaa tulikuwa tukichapisha ratiba ya Ramadhani kwa anwani mpya, na kila mwaka Google ilikuwa ikiwapa watu ya mwaka uliotangulia, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imesambazwa zaidi na kuunganishwa na tovuti nyingine. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kawaida kwa takriban siku 11, hivyo ratiba ya mwaka jana inafanana na ya mwaka huu kwa sura, lakini siku na dakika zimesogea. Mama mmoja wa jirani alituambia kwamba alikuwa amefuturu kwa ratiba kuukuu siku tatu mfululizo. Alikuwa ameibandika kwenye friji. Tofauti ilikuwa dakika chache tu, lakini nendeni mkamwambie mtu aliyefunga kwamba dakika chache si kitu.

Tulichofanya ni kuwa na anwani moja ya kudumu, isiyo na mwaka ndani yake, ambayo kila mwaka tunabadilisha yaliyomo. Ratiba ya mwaka uliopita tunaihamishia kwenye anwani yake yenye mwaka, na juu yake kunakuwa na mstari unaomrudisha msomaji kwenye ile ya kudumu. Kwa hiyo viungo vyote vya zamani, hata vilivyotumwa WhatsApp miaka mitatu iliyopita, vinamfikisha mtu kwenye ratiba ya sasa. Kichwa ndani ya ukurasa kina mwaka wa Hijria na wa kawaida, vyote viwili.

Nadhani bei zenu za mafuta na nafasi za masomo zinazotangazwa kila mwaka zinafaa kwa utaratibu huu, dada, lakini nafasi ya kazi haifai, kwa sababu hairudi ikiwa ileile. Hapo namuunga mkono mzee: iacheni, mwandike imefungwa. Fundi asikasirike.

---

FundiWaSeva

Sijakasirika, ingawa nitashikilia kwamba zabuni ya kununua viti 12 vya plastiki mwaka 2016 haina mtafiti atakayeililia. Hizo zipeni 410 kwa amani. Kwa nafasi za kazi narudi nyuma hatua moja, kwa sharti kwamba data ya ajira iondolewe ukurasani siku ya kufunga.

---

MhaririKasoroBahari

Naleta taarifa baada ya wiki mbili, pamoja na tatizo jipya.

Tumeongeza sehemu maalumu ya tarehe ya mwisho, tofauti na maandishi ya tangazo, na tumeifanya iwe ya lazima, kiasi kwamba chapisho la kazi, masomo au zabuni halikubali kutoka bila tarehe hiyo kujazwa, mwaka ukiwemo. Tarehe ikipita, programu-jalizi, yaani programu ndogo ya kuongezea kwenye tovuti, inaongeza neno "IMEFUNGWA" mwanzoni mwa kichwa, inaondoa kitufe cha kuomba na inaweka mstari unaompeleka msomaji kwenye nafasi zilizo wazi za aina hiyohiyo. Mafaili ya majina yote yameondolewa. Wakili alisema kweli, tulifuta machapisho kwanza na PDF zikaendelea kufunguka, ikabidi turudi maktaba kuyafuta moja moja. Kwa yale elfu tano ya zamani tumeamua kutokuwa mashujaa. Yote yaliyochapishwa kabla ya mwaka huu yamepewa bango la njano lenye mwaka, kwa mkupuo, na tunarekebisha kwa mkono yale mia moja tu yanayosomwa zaidi. Idadi ya wasomaji imeshuka kidogo, mwenzangu anaitazama kila asubuhi kama mgonjwa anayepimwa joto.

Tatizo ni saa. Juzi tangazo la kazi lilipaswa kufungwa mwisho wa siku, yaani saa 6:00 usiku. Msomaji mmoja alilifungua saa 7:30 usiku, likamwambia bado liko wazi, akajaza fomu ndefu kwenye mfumo wa mwajiri, na alipobonyeza kutuma mfumo ukamkatalia. Ametuandikia ujumbe mkali na ana haki. Nilipochunguza nikaona tovuti yetu ilijifunga saa 9:00 usiku. Masaa matatu hayo yametoka wapi?

---

FundiWaSeva

Yametoka London, tunaweza kusema. WordPress isipoelekezwa vinginevyo hutumia saa ya dunia ya UTC, nasi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo usiku wa manane wa tovuti yenu ni saa tisa ya usiku wetu. Ingieni kwenye mipangilio ya jumla, chagueni mji wa Dar es Salaam kwenye orodha ya majira, kisha hakikisheni kwamba tarehe iliyoandikwa kwenye validThrough inaishia na +03:00, vinginevyo mtarekebisha macho ya msomaji na kuiacha Google na saa ya zamani.

Kuna mengine mawili yatakayowakuta baadaye kidogo. Kazi za ratiba za WordPress hazijiendeshi zenyewe. Huamshwa na mtu anapofungua ukurasa, na usiku tovuti yenu ikikosa wageni hakuna kitakachofungwa hadi atokee wa kwanza. Muulizeni mwenye seva awawekee amri ya kroni, yaani kazi inayojirudia yenyewe kwa ratiba kwenye seva, inayoigusa tovuti kila baada ya dakika kumi au kumi na tano. Na kama mna kache, yaani nakala za kurasa zilizohifadhiwa ili zifunguke haraka, iagizeni ijisafishe kwa chapisho linalofungwa, la sivyo msomaji ataendelea kupewa nakala ya jana yenye kitufe cha kuomba, hata kama ndani kila kitu kimefanyika sawasawa.

Pia, tafadhali pitieni tafsiri zenu. Nimefungua matangazo yenu mawili sasa hivi. Moja linasema mwisho ni "saa 12:00", na nilipotazama picha ya tangazo la Kiingereza lililobandikwa chini yake, ni saa sita mchana. Msomaji wa Kiswahili ataelewa saa kumi na mbili jioni, na atachelewa kwa masaa sita akiwa na uhakika kabisa.

---

MhaririKasoroBahari

Hilo la saa 12:00 nililitafsiri mimi mwenyewe, na nimelisahihisha kabla sijaandika hapa. Tumekubaliana kuanzia leo kwamba kila saa itaandikwa pamoja na asubuhi, mchana, jioni au usiku, na ya Kiingereza itabaki pembeni yake kama ilivyotoka kwa mtangazaji.

Majira nimeyabadilisha, kroni imewekwa. Tangazo la kwanza kujifunga kwa saa yetu ni la zabuni ya kesho, saa 4:00 asubuhi. Nitakuwa nimefungua ukurasa huo kwenye simu, si kwenye kompyuta, na mwenzangu atakuwa ameufungua kwenye simu yake ya kitochi.

---

MsomajiWaBando

Nami nitaufungua.